Mabamba Ishirini na Mawili

Dada yangu hajawahi kumiliki futi ya kupimia. Nimeanza na hilo kwa makusudi, maana watu wanaomsifu siku hizi huanza na mambo makubwa makubwa, sijui sanaa, sijui nafasi, na hakuna hata mmoja anayekumbuka kulitaja. Miaka thelathini ametengeneza masinki ya saruji ya kufulia, vyungu vya maua, nguzo fupi za baraza na mawe ya makaburi, na vyote amevipima kwa macho. Mteja akija na vipimo kwenye karatasi, dada anaipokea kwa heshima zote, anaikunja, anaitia mfukoni, halafu anaomba apelekwe akaone mahali penyewe. Anasimama mlangoni, anatazama kama mtu anayechagua nyanya, anarudi karakana. Sinki likiletwa linaingia bila kukwaruza ukuta. Ndiyo maana mtaa mzima ukamwita Futi.

Mimi ni mdogo wake wa mwisho. Nachomelea vyuma: mageti, madirisha, vitanda vya hospitali. Napima mara tatu na bado nakata vibaya, kwa hiyo msishangae nikikiri kwamba jicho lile lilinikera tangu utotoni.

Tulikua watu saba katika chumba kimoja, baba, mama na watoto watano. Kulikuwa na kitanda, kabati, na mlango uliofunguka kwa ndani. Mpaka leo natamani kukutana na fundi aliyeuweka nimuulize alikuwa na ugomvi gani na sisi. Mlango ukifunguliwa, aliyelala nyuma yake lazima ainuke. Dada ndiye aliyempangia kila mtu pa kulala, naye alikuwa na miaka tisa tu. "Wewe kichwa huku, wewe kunja miguu, mwachieni mama njia." Na kweli mama alikuwa akitoka alfajiri kwenda kazini bila kumkanyaga mtu. Nadhani sanaa yake yote ilitoka pale chumbani, ingawa nikimwambia hivyo ananiambia niache kujitia mwandishi wa magazeti.

Aliolewa, akazaa binti mmoja, akafiwa na mumewe mapema. Karakana ya saruji ilikuwa ya mume, na watu walidhani ataifunga. Wiki chache baadaye alikuwa amevaa buti za marehemu, zimempwaya, amezijaza matambara mbele, anapiga saruji. Humo ndimo mwalimu wa sanaa alimokuja siku moja kununua vyungu viwili vya maua. Dada alikuwa amesimamisha mabamba uani yakauke, yale mabamba membamba ya saruji yenye wavu wa kuku ndani, ya kujengea matangi ya maji. Mwalimu akakatiza katikati yake kufuata vyungu, na hakutokea upande wa pili. Dada akamfuata, akamkuta amesimama tu.

"Nani amepanga hivi?"

"Nani mwingine? Mimi."

"Kwa nini hapa ni pembamba na pale ni papana?"

"Hapa mtu anapita mikono mitupu. Pale anapita na ndoo."

Mwalimu alicheka, halafu akaacha kucheka. Juma lililofuata alirudi na kiti chake mwenyewe, akakaa katikati ya mabamba asubuhi nzima, na vyungu vya maua hakuvichukua mpaka leo.

Ndivyo dada alivyoingia kwenye maonyesho. Watu walikuja, wakazunguka mabamba yake, wakamuuliza sanamu iko wapi. Aliwajibu, "Umesimama ndani yake." Mimi nilidhani anawadhihaki, na nikamsihi apunguze. Sanamu ninayoijua mimi ina pua. Akanijibu kwamba saruji kwake ni pembeni tu, kazi yenyewe ni pale mtu anapopita. Niliitikia kwa kichwa kama mtu aliyeelewa.

Miaka minne iliyopita alianza kuiwaza kazi kubwa kuliko zote, mabamba ishirini na mawili, kila moja refu kuliko mtu, yananing'inia kutoka darini shubiri moja juu ya sakafu. Hayana rangi wala mchoro. Unaingia upande huu penye nafasi tele, zinapungua kidogo kidogo mpaka upite kwa bega, halafu panafunguka ghafla. Alikata makatoni, akatengeneza mfano mdogo wa kazi nzima juu ya meza yake ya chakula, na tangu siku hiyo nyumba ile watu wanakula sahani mapajani. Ukumbi wa maonyesho, ghala la zamani lililopakwa chokaa, ukampa nafasi. Mimi nikapewa kazi ya kutengeneza vibano vya kutundikia.

Mwezi mmoja kabla ya kuanza kutundika, alinimiminia chai mezani. Sisemi kwenye kikombe, nasema mezani, na aliendelea kumimina huku akiniuliza habari za watoto. Nikasema, "Dada, chai!" Akasema birika limepinda mdomo. Birika halikuwa na ubaya wowote. Nikaanza kumchunguza. Alishika hewa kabla ya kushika kitasa. Ngazi ya mwisho ya baraza aliishuka mara mbili.

Nilimburuta kwa daktari wa macho, na neno hilo la kuburuta silitii chumvi. Ilikuwa presha ya macho. Jicho la kushoto lilikuwa limeshakufa, la kulia lilikuwa na mwanga wa mwaka mmoja, pengine chini ya hapo. Daktari akaeleza kwa upole kwamba mtu wa jicho moja hupata taabu kujua kipi kiko karibu na kipi kiko mbali. Hakujua anazungumza na nani.

Tulikaa kwenye benchi la nje. Dada alikuwa ameshika chupa ya matone ya dawa kwa mikono miwili.

"Ukimwambia mtu, mimi na wewe basi."

"Hata binti yako?"

"Hasa binti yangu. Na yule msimamizi wa ukumbi. Wakijua watanipa kiti na maua, na kazi watampa mtu mwingine anitundikie. Nataka hii moja niitundike mwenyewe, mwanga ungalipo. Hii moja tu, mdogo wangu. Baada ya hapo nitakaa gizani na sitamlaumu mtu."

Nilikubali shingo upande, lakini nilikubali. Hajawahi kuniomba kitu maishani. Mimi ndiye mwombaji wa ukoo.

Tukaanza kutundika. Kila bamba lilibebwa na wanaume wanne, likapandishwa kwa minyororo, likafungwa kwenye vibano vyangu. Vibano nilivitia magurudumu madogo, ili ukilegeza skrubu uweze kulisukuma bamba peke yako likateleza juu ya mhimili. Mimi nilikaa juu ya ngazi na yeye chini, kama kawaida yetu. "Sogeza. Tena. Rudi kidole. Kaza." Wapagazi walimsikiliza bila swali, maana nani angempima Futi?

Lakini nilikuwa namwona. Alikunja mikono ya gauni mpaka mabegani, akapita katikati ya mabamba polepole, mikono inaning'inia, jicho amelifumba nusu. Alipita, akarudi, akapita tena, mara kumi kwa bamba moja. Zamani alikuwa akitupa jicho mara moja na kuondoka. Mimi juu ya ngazi nikaona mtu anayepapasa, na iliniuma.

Siku moja nikiwa kwake, yeye yuko jikoni, nilitoa futi yangu ya chuma nikaupima ule mfano wa makatoni, nafasi moja moja, nikaandika yote na kuyazidisha yafikie ukubwa wa ukumbi. Kesho yake nikaenda ukumbini mapema nikapima mabamba yenyewe. Kumi na sita yalikuwa sawasawa. Sita yalikuwa yamehama, mengine kwa upana wa kiganja, mengine zaidi. Nilikaa kwenye ngazi nikashika tama. Niliona jinsi itakavyokuwa: watu wanapita, wananong'ona kwamba Futi amekwisha, na yeye anacheka nao bila kujua.

Adhuhuri, alipokwenda kutia dawa kwa siri na kujinyoosha kidogo kwenye stoo ya ukumbi, nililegeza skrubu sita. Nikasukuma mabamba sita kwa bega, nikapima, nikakaza. Nilijiona ndugu mwema kuliko wote waliowahi kuzaliwa. Aliporudi sikumwambia kitu, na yeye alikuwa amechoka, akaomba nimpeleke nyumbani.

Zilikuwa zimebaki siku tano kabla ya kufungua. Asubuhi iliyofuata dada aliingia ukumbini akafanya alichokuwa akifanya kila asubuhi, kupita kazi yote toka mwanzo hadi mwisho kwa mwendo wake wa kawaida, kama mtu anayekatiza sebuleni kwake. Nilikuwa nafunga begi la vyuma. Nilisikia mlio, sitauelezea. Nilipomfikia alikuwa ameketi sakafuni mbele ya bamba la tisa, ukingo wa saruji umempasua juu ya jicho la kulia, damu imejaa kiganjani.

Hakulia. Alisema kwa sauti ya chini, "Basi. Kumbe na mwili nao umekwisha."

"Dada, tulia, nikufunge."

"Macho nilijua yataniacha. Huu nilidhani nitabaki nao." Akajifuta. "Mwite msimamizi. Mwambie ayashushe yote."

Ningeweza kunyamaza. Hakuna mtu aliyeniona nikisogeza, na yeye alikuwa ameshajihukumu mwenyewe. Nawaambia ukweli, nilinyamaza kidogo, kiasi cha mtu kumeza mate mara mbili.

"Dada, ni mimi."

"Wewe umefanya nini?"

"Nimelisogeza. Si hilo tu. Sita."

Alinigeuzia uso. "Kwa nini?"

"Nilipima na mfano wa mezani. Yalikuwa yamepotoka. Nilidhani huoni."

"Sioni!" alisema, na sauti ikagonga paa. "Sioni, ndiyo, na ule mfano niliutengeneza nikiona! Nilikuwa natundika kwa mikono, wewe. Saruji ina ubaridi. Ukiikaribia, ngozi ya kiwiko inaujua kabla hujaigusa. Nilikuwa naliweka bamba pale ubaridi unapoanza. Hayo sita ndiyo niliyoyapata hivyo. Hayo mengine ni ya zamani, ya macho. Hayo sita ndiyo yangu."

"Ungeniambia."

"Ungeniuliza."

Niliinamia begi la vyuma nikatafuta kitambaa.

"Yarudishe," alisema.

Hapo ndipo nilipokumbuka nilichoandika. Nilikuwa nimeandika yanapotakiwa kwenda. Yalipokuwa sikuandika, kwa sababu nani anaandika kosa? Nikamwambia. Akacheka kicheko kibaya, kifupi, damu inamwingia mdomoni, akaniambia nimpe kitambaa na nifunge mdomo wangu.

Daktari alisema damu imevuja ndani ya jicho. Akalifunga bandeji, akamwamuru alale kichwa kikiwa juu wiki mbili, ndipo ijulikane mwanga umebaki kiasi gani au haukubaki. Siri ikaisha siku hiyo hiyo. Binti yake alifika hospitalini na nguo za kazi, akanisikiliza mpaka mwisho, akauliza swali moja, "Mjomba, ulijua?" Nikasema nilijua. Akanipita akaenda kukaa upande wa pili wa kitanda, na tangu hapo salamu zake kwangu ni za kuhesabu.

Mgonjwa wa kulala wiki mbili alilala siku moja. Kesho yake alinipigia simu nimfuate nimpeleke ukumbini. Nilikataa, akasema basi atakwenda kwa miguu, na ninyi hamumjui. Nikaenda. Msimamizi wa ukumbi, bwana mpole mwenye funguo nyingi kiunoni, alikuwa ameshaambiwa kila kitu. Hakumnyang'anya kazi. Alileta kiti. Maua hakuleta, labda hayakupatikana.

Tulianza na bamba la tisa. Alisimama pale, bandeji usoni, mikono ya gauni imekunjwa, nami nikasukuma.

"Taratibu. Taratibu, siyo geti hilo. Basi. Rudi. Hapana, limepita. Nitoke kwanza, ngozi imeshalizoea."

Anatoka, anajisugua mikono, anaingia tena. Bamba moja lilikula asubuhi nzima. Niliona vinyweleo vya mkono wake vikisimama, akasema "Hapa," nikakaza skrubu. Hakuniambia asante wala hakunitukana, na ningependelea matusi. Siku hiyo tukarudisha mawili. Siku ya pili tukarudisha mengine mawili.

Siku ya tatu, mbele ya bamba la kumi na saba, alishika kichwa, akatapika, miguu ikamwisha. Nilimdaka. Alipopata nguvu aliniambia nilegeze skrubu tuendelee. Binti yake, ambaye alikuwa amesimama mlangoni muda wote, akasema, "Mama, inatosha," na akamchukua. Yalibaki mawili kama nilivyoyaweka mimi kwa futi yangu, la kumi na saba na la ishirini.

Dada alimtuma binti kwa msimamizi aombe yashushwe hayo mawili. Msimamizi alisikitika sana, ni mtu wa kusikitika kwa dhati. Lakini karatasi za mlangoni zilikuwa zimeshachapwa, na zilisema ishirini na mawili.

Siku ya kufungua watu walijaa. Dada alikaa kwenye kile kiti karibu na mlango wa kutokea, gauni safi, bandeji safi, nami nikasimama nyuma yake nikimnong'oneza ninayoyaona. Nilimwambia mama mmoja mnene amecheka peke yake pale penye wembamba. Nilimwambia mwanamke mwingine amesimama kwenye la tisa, anajisugua mkono, anaangalia huku na huku kama aliyeitwa. Dada alitabasamu. Ilikuwa mara ya kwanza tangu lile pigo, na nilidhani labda tumeokoka.

Kisha akaja yule mwalimu wa sanaa, sasa mzee, anatembelea fimbo. Aliinama akamshika dada mikono yote miwili, akasema kwa sauti ya darasani ili kila mtu asikie.

"Futi, nimepita yote, nimerudi nikapita tena. Kuna mahali nimesimama nikashindwa kuondoka. Nikasema hili hapa, hili ndilo jicho lenyewe. Waambieni wanaosema anaumwa. Jicho la Futi liko vilevile!"

Watu wakapiga makofi. Dada akainua uso kuelekea kwenye sauti.

"Asante, mwalimu," alisema. "Asante sana."

Nilimpeleka nyumbani na gari langu la mizigo, binti yake akabaki kuaga wageni. Dada alikaa mbele, mikono mapajani. Tulikuwa bado uani, sijawasha injini, aliponiuliza.

"Mwalimu alikuwa amesimama wapi?"

"Lini?"

"Usinifanye mtoto. Aliposema alishindwa kuondoka. Ulimwona?"

Nilikuwa nimemwona. Nilikuwa nimemwona vizuri sana, na nilikuwa naomba swali hili lisije. Ningesema la tisa. Angeamini, maana hana tena namna ya kuhakikisha kitu isipokuwa kuniuliza mimi, na angelala vizuri usiku wake wa kwanza tangu hospitali. Nililiweka neno hilo ulimini kabisa.

"Kwenye la kumi na saba," nikasema.

Wageni walikuwa wanatoka, milango ya magari inafungwa, mtu anamwita mwenzake waondoke. Alipapasa mkanda wa kiti, akaukosa, akaupata, akajifunga mwenyewe.

"Na mimi nikamwambia asante," alisema.